Begi la Mkononi Mwachieni Msafiri

Hapa kijiweni kwetu Ukonga ndege zinapita juu ya mabati usiku na mchana, na karibu kila nyumba ya mtaa huu ina mtu aliyeko nje au anayejiandaa kwenda. Mtu angetegemea sisi ndio tuwe mabingwa wa kumfungia mwenzetu safari. Aa wapi! Ikifika wiki ya kuondoka, nyumba inageuka stoo. Shangazi kaja na dagaa wa Kigoma, mjomba kaja na viungo vya pilau, jirani wa kulia kaja na unga wa ulezi umfikie binti yake aliyejifungua huko Houston, wa kushoto kaja na ubuyu, asali ya Tabora na kopo la achari. Begi linaning'inizwa kwenye mizani ya ndoano, mizani inasoma kilo 25 wakati tiketi inasema 23. Watu wanaguna, vitu viwili vitatu vinachomolewa. Sasa niulizeni hivyo vilivyochomolewa vinakwenda wapi. Vinasindiliwa kwenye begi la mkononi! Na dawa za presha za huyo mama anayesafiri ziko wapi? Zimeviringishwa kwenye kitenge na kuzikwa chini kabisa ya begi kubwa, eti zisipondeke.

Nasonya, jamani, na leo mtaniacha niseme.

Begi kubwa ni la watu, hilo silikatai. Mtu wa kwetu haendi kwa ndugu mikono mitupu, na binti aliyezalia ugenini akiusikia uji wa ulezi puani atajua nyumbani hawajamsahau. Lakini begi la mkononi ni la msafiri peke yake. Akishalikabidhi lile kubwa pale kaunta, wameagana. Dar hadi Doha ni kama saa 6 angani, Doha hadi Houston ni kama saa 16, na katikati kuna kusubiri ambako kunaweza kuwa saa tatu au usiku mzima. Jumlisheni wenyewe. Ni zaidi ya siku moja ambayo mama mtu mzima hana chake duniani isipokuwa kile kilichomo begani. Na ndege ya kwanza ikichelewa, yeye akakimbizwa kuiwahi ya pili na begi likabaki nyuma, hiyo siku moja inakuwa tatu au nne.

Mashirika mengi makubwa yanayotua kwetu yanaruhusu kilo 7 tu kwenye begi hilo kwa wanaokaa daraja la kawaida. Haya mabegi madogo ya magurudumu mnayoyapenda yanakula kilo 2 au zaidi kabla hujatia hata kitambaa. Zinabaki 5. Tia kopo la asali la kilo moja, tia ubuyu kilo 2, halafu niambieni huyo mama ajifungashie nini mwenyewe. Mimi namwona kama mtu aliyenyang'anywa. Apewe begi la mgongoni la kitambaa, jepesi, mikono yake ibaki huru kushika reli ya ngazi, na lisiingizwe kitu chochote ambacho si chake.

Twende kwenye dawa, maana hapo ndipo watu wanapoumia kweli. Dawa za kila siku, ziwe za presha, za sukari, za pumu au za kufubaza virusi, zikae mkononi. Nazo si kidonge cha leo na cha kesho tu. Ziwekwe za kukaa nazo wiki mbili ikiwezekana, ili begi kubwa likipotea mtu asianze kutafuta hospitali katika nchi ambayo hata basi hajui linasimama wapi. Ziwe ndani ya maboksi yake, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina la mgonjwa kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti. Kuna huu mtindo wetu wa kutoa vidonge kwenye paketi na kuvitia kwenye vibahasha vya duka la dawa, vimeandikwa 1x2 kwa kalamu. Hapa mtaani vinatosha, kila mtu anajua ni vya nini. Kwa ofisa wa forodha asiyekufahamu, kidonge kisicho na jina kinaweza kuwa kitu chochote, na atakuweka benchi mpaka ajiridhishe.

Insulini ndiyo kabisa isikaribie begi kubwa. Kule tumboni mwa ndege baridi inaweza kuigandisha, na insulini ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka ikarudi kuwa kama mwanzo. Ikae mkononi pamoja na sindano zake na barua yake. Wakaguzi wanaijua, wanairuhusu, ila itoe mwenyewe uwaonyeshe kabla hawajaiuliza.

Na ninyi mnaowafungashia dada zetu wanaokwenda kufanya kazi Uarabuni, nisikilizeni vizuri. Tramadol, na dawa yoyote yenye codeine, ambayo mtu hapa anaweza kuandikiwa akiumwa mgongo, kwenye Umoja wa Falme za Kiarabu ni dawa ya kudhibitiwa. Serikali yao ina utaratibu wa kuomba kibali kwa mtandao kabla hujasafiri. Unamchukua binti wa watu, unamtilia paketi ya dawa za maumivu "zitamsaidia akichoka", humwambii wala hujui, yeye ndiye anayesimama mbele ya askari Dubai. Nani atakwenda kumtetea? Wewe uliyebaki hapa na kikombe cha kahawa?

Wagonjwa wanaokwenda India nao wana lao. Chennai na Mumbai zimekuwa kama mikoa yetu mingine, kila mwezi unasikia fulani kaenda kutibiwa. Picha za X-ray, sidii za vipimo, majibu ya maabara, barua ya rufaa, yote yakae mkononi kwenye bahasha ngumu. Kuna mzee wa mtaa huu aliweka bahasha hiyo kwenye begi kubwa kwa sababu begi dogo lilikuwa limejaa zawadi za mwenyeji wake. Begi likabaki njiani. Mzee akamfikia daktari bila karatasi hata moja, vipimo vikarudiwa kimoja baada ya kingine, kwa fedha ambazo ukoo ulikuwa umezichanga shilingi kwa shilingi. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kilichobebwa badala ya bahasha kilikuwa korosho.

Dada mmoja wa ofisi ya tiketi, ambaye hupita hapa jioni kununua kashata, anasema kitu kinachomtoa machozi zaidi ni pale kwenye ukaguzi. Nami nimepaona. Mama anafunguliwa begi, linatolewa kopo la achari ya maembe, linawekwa kwenye pipa. Anabishana: "Mwanangu, hii si maji, hii ni achari!" Mkaguzi hana la kufanya. Kitu chochote kinachomwagika, kinachopakwa au kinachovutika kinahesabiwa ni kimiminika: asali, samli, siagi ya karanga, mafuta ya nazi, mtindi, losheni, hata dawa ya meno. Chombo kisizidi mililita 100, na vyombo vyote vikae ndani ya mfuko mmoja wa kuonyesha wa lita moja.

Sheria hiyo haikutoka hewani. Agosti 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege za kuvuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Tangu mwaka huo dunia nzima inapima vichupa. Na kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, hawaangalii kilichobaki ndani. Losheni ya mililita 400 iliyobaki robo itachukuliwa tu. Viwanja vichache vyenye mashine mpya vimelegeza masharti, lakini msafiri wa Dar kwenda Amerika anapita viwanja viwili au vitatu, na kilicho kikali kuliko vyote ndicho kitakachomwamulia. Kwa hiyo achari iende kwenye begi kubwa, ndani ya kopo la plastiki lililofungwa vizuri na kuviringishwa mara mbili. Isipotosha, ibaki. Itakuwa imebaki nyumbani inakoliwa, si kwenye pipa la taka ambako mkono ulioipika ulikesha bure.

Maji ya Zamzam yaulizwe mapema kwa shirika lenyewe. Mashirika mengi yanayobeba mahujaji kutoka Jeddah na Madina yana utaratibu wa boksi maalumu la lita 5 linalokwenda chini. Chupa ya mkononi haipiti.

Sasa huo unga wa ulezi wa jirani. Wengi hapa hawajui kwamba tangu tarehe 30 Juni 2018 ndege zinazoingia Marekani zina masharti ya vitu vya ungaunga kwenye begi la mkononi. Unga ukizidi mililita 350, yaani ujazo wa kopo moja la soda, unakaguliwa kipekee, na wasiporidhika nao haupandi. Unga wa ulezi, binzari, kahawa ya kusaga, unga wa ubuyu, vyote vimo. Mnamtilia mama kilo nzima ya unga begani, anafika Doha kwenye ukaguzi wa mwisho wa kwenda Houston, amechoka, hajui Kiingereza cha kujieleza, anafunguliwa begi mbele ya watu. Kwa nini? Kwa sababu sisi tuliona begi dogo lina nafasi. Na huko anakofika, chakula chote alichonacho, hata kile cha begi kubwa, akitaje kwenye forodha. Nyama ya kukausha ya kutoka kwetu asiibebe kabisa. Akitaja kitu kisichoruhusiwa, kitachukuliwa na yeye atapita. Akificha, anaweza kupigwa faini.

Babu wa kahawa hapa aliwahi kuniambia: "Mwanangu, kumkatalia mtu kifurushi ni kuvunja ujirani." Shikamoo Babu, nakuheshimu, lakini kwa hili nakupinga. Kuna padri anaitwa John Wotherspoon, anahudumia wafungwa wa Hong Kong. Alichukua barua za wafungwa Waafrika, Watanzania wakiwemo, waliofungwa kwa dawa za kulevya, akazichapisha mtandaoni. Wafungwa waliandika wenyewe, kwa mikono yao, kuwaonya ndugu zao waliobaki nyumbani wasikubali kubebeshwa. Someni mambo hayo halafu mje mniambie habari za ujirani. Hata vitu ambavyo kwa jirani zetu si kosa vinaweza kumfunga mtu kwingine. Miraa inauzwa sokoni Nairobi mchana kweupe, lakini Uingereza imepigwa marufuku tangu Juni 2014.

Kifurushi cha mtu kifunguliwe mbele ya mwenyewe. Kitolewe kimoja kimoja, kikunjuliwe, kifungwe upya na mkono wa msafiri. Mwenye nia njema atakaa chini akusaidie kukunjua. Anayenuna, arudi nacho kwake. Maana pale uwanjani watamuuliza mama swali moja jepesi: begi hili umelifunga mwenyewe? Naye atasema ndiyo, wakati nyumba nzima ilikuwa imeliinamia, kila mtu kachomeka chake. Anatoa jibu lisilo kweli mbele ya vyombo vya usalama, na hajui.

Kuna kijana wetu wa bodaboda anayekwenda China kwa mambo ya biashara, kasema hapa juzi kwamba pawabenki yake ataitia begi kubwa kwa sababu ni nzito. Nikasonya kwa sauti. Pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenda chini. Betri hizi za lithiamu zikipata hitilafu zinawaka moto mkali wenye kujirudia, na moto ukianza juu, kwenye viti, wahudumu wanauona na kuukabili. Ukianza kule chini ni jambo jingine. Tarehe 28 Januari 2025, kwenye uwanja wa Gimhae huko Busan, Korea Kusini, ndege ya Air Busan ilishika moto ulioanzia kabati la juu kabla haijaruka. Watu wote 176 walitoka, ndege ikaungua mgongo mzima, na uchunguzi ukaielekea pawabenki. Baada ya hapo Korea Kusini ikakataza kuziweka kwenye makabati ya juu, na Emirates, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu msafiri kubeba moja tu, na marufuku kuitumia au kuichaji ndani ya ndege.

Kipimo chake ni wati-saa 100. Chukua ile namba ya mAh iliyoandikwa, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 20,000 inatoa 74, inapita. Zile zilizoandikwa 50,000 kwa maandishi makubwa ya dhahabu zinatoa 185, na hizo zimevuka hata 160, ambayo ndiyo ngazi ya juu kabisa anayoweza kuombewa ruhusa na shirika. Iliyofutika maandishi nayo utaiacha, kwa sababu mkaguzi hana namna ya kujua. Kijana, nunua ndogo, yenye maandishi yanayosomeka, simu ichajiwe ikajaa kabla hujatoka nyumbani.

Na hapa kuna jambo ambalo hata wasafiri wazoefu linawapita. Umepanga begi lako la mkononi vizuri, kila kitu kimo. Unafika mlangoni mwa ndege, makabati yamejaa, mhudumu anakwambia kwa upole begi hilo nalo liende chini. Unalitoa kwa haraka, watu nyuma yako wanasukuma, na dawa zimekwenda, miwani imekwenda, pawabenki isiyotakiwa chini nayo imekwenda. Ndiyo maana ndani ya begi la mkononi lazima kuwe na pochi moja inayochomoka mara moja. Ndani yake kuwe na dawa, miwani, simu na chaja, pawabenki, kalamu na soksi. Ukiambiwa toa begi, unavuta pochi, unatoa begi, umemaliza.

Pasipoti siitii hata kwenye hiyo pochi. Tarehe 2 Januari 2024, pale Haneda, Tokyo, ndege ya Japan Airlines ilikuwa inatua ikagongana na ndege ya walinzi wa pwani, zote zikashika moto. Kwenye ile ndogo watu 5 kati ya 6 walikufa. Kwenye ile kubwa walikuwamo watu 379, na wote wakatoka hai, wakaziacha mali zao ziungue. Hakuna kuinuka kufungua kabati moto ukiwaka. Anayevuta begi anaziba njia ya mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo pasipoti, fedha, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, vidonge vya siku moja na karatasi yenye namba za simu vikae mwilini. Bibi zetu walifunga hela kwenye pindo la kanga na hawakuibiwa. Siku hizi kuna vipochi vyembamba vya shingoni vinavyokaa ndani ya dera au shati. Mnunulieni mama.

Nimetaja kanga, basi niseme: kitu kimoja cha nguo kinachostahili nafasi begani ni kanga, au kikoi kwa mwanaume. Ndani ya ndege kuna baridi, na blanketi la kule ni jepesi. Kanga inajifunika, inakuwa mto, inaswaliwa, inamsitiri anayenyonyesha, inafuta uso. Haina uzito wa kusumbua. Pamoja nayo tieni sweta, nguo ya ndani ya kubadili na blauzi moja safi. Basi, nguo zimeisha.

Chupa tupu ya maji isisahaulike. Inapita ukaguzi ikiwa tupu, inajazwa upande wa pili. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20, na sisi watu wa pwani tumezoea hewa inayolowesha nguo kwenye kamba. Midomo inapasuka, macho yanawasha, koo linakauka. Na presha ya mle inakuwa kama ya mtu aliyepanda mlima. Inaweza kufikia ile ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Njombe mjini. Ndiyo maana tumbo linajaa gesi. Na kwa kukaa muda mrefu miguu inavimba. Viatu viwe vya kulegea. Maharage ya jioni ya safari yaachwe.

Lakini maji yenyewe hawanywi! Hili ndilo linalonitia uchungu kwa mama zetu. Mama anakaa kiti cha dirishani kwa sababu mjukuu alimwambia ataona mawingu. Kulia kwake wamekaa wanaume wawili wamelala. Anaona haya kuwaamsha. Basi anaamua asinywe kitu ili asihitaji choo, saa 16, ameketi kimya, miguu imening'inia. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba safari ya kukaa saa 4 au zaidi inaongeza kama maradufu uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mzima wa afya uwezekano huo bado ni mdogo, lakini kwa mnene, mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango si wa kupuuza. Hao wamwone daktari kabla, pengine atawashauri soksi za kubana. Mama achaguliwe kiti cha njiani. Aambiwe kunyanyuka kila baada ya muda ni haki yake na kumgusa mtu bega si utovu wa adabu. Akiwa ameketi azungushe nyayo, anyanyue visigino, ashushe.

Na mfundisheni choo. Msicheke. Wapo waliosimama nje ya ule mlango wasijue unafunguliwaje, wakarudi kitini na haja yao. Milango mingi ya kule inakunjika, unausukuma katikati unaingia ndani. Taa inawaka vizuri ukishavuta komeo. Kuvuta maji ni kitufe, kina kishindo, wala si hatari. Dakika mbili za kueleza, tena za heshima, mkiwa wenyewe sebuleni.

Mama mtu mzima anayesafiri peke yake aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Kwa kawaida halipi kitu. Wengine wanaona ni kujiita mgonjwa. Sivyo, ni kupata mtu wa kumwongoza kutoka ndege moja hadi nyingine katika viwanja ambavyo hata vijana wanapotea. Pia aandikiwe karatasi kwa herufi kubwa, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili: jina lake, ndege zake zote na saa zake, jina la anayempokea, anwani na namba ya simu ya huko, na dawa anazotumia. Pale uhamiaji wanauliza unafikia wapi, na simu yenye hiyo anwani inaweza kuwa imezimika. Tiketi na viza zichapishwe.

Saa nazo! Tiketi inasema tarehe 15, saa 00:40. Kwa hesabu zetu huo ni usiku wa kuamkia tarehe 15, saa sita na dakika arobaini, kwa hiyo mtu anatakiwa awe uwanjani usiku wa tarehe 14, saa tatu na nusu hivi. Wapo waliokwenda usiku wa tarehe 15, wamepambwa, wamesindikizwa na Noah mbili, wakakuta ndege iliondoka usiku uliopita. Mkikata tiketi ya usiku wa manane, kaeni chini watu wawili muisome kwa sauti.

Kabla begi kubwa halijakabidhiwa pale kaunta, lipigeni picha, nje na ndani, na kile kikaratasi cha namba mnachopewa kibandikwe nyuma ya pasipoti au kipigwe picha nacho. Jina na simu viandikwe nje ya begi, na karatasi nyingine yenye maelezo hayohayo iwekwe ndani, kwa sababu vya nje vinachanika. Mama akifika na begi halionekani kwenye mkanda, asitoke mle ndani kwenda kuwalilia waliompokea. Aende kwenye dawati la mizigo palepale, ajaziwe fomu, apewe namba. Tanzania na Kenya zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, na huo ndio unaombeba: begi likiharibika, malalamiko ya maandishi ndani ya siku 7 tangu alipolipokea, lisipofika ndani ya siku 21, anaweza kulidai kama lililopotea. Kikomo cha fidia, kwa kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, kama dola 2,000 hivi, na risiti za vilivyomo zinasaidia. Dagaa na vitenge havina risiti, kwa hiyo ile picha ya ndani ya begi itunzwe kwenye simu ya mtu aliyebaki Dar, si ya mama peke yake.